Shoto

Hamriya, ghorofa ya tatu. Feni inazunguka, kiyoyozi kinadondoka,
na gundi bado haikauki.
Mezani: kipande cha kanga kilichobaki na nusu ya neno, USINI,
jina lililosalia nilishalikata kufungia mitungi ya achari;
karatasi ya kalenda ya duka la dawa, mwezi wa nane;
gunia la ndimu kavu, harufu yake ingalimo;
eksirei ya goti la mjomba Hilali;
na pindo la baibui la jirani
alilolikata fundi Kunjumon akalitupa chini ya cherehani.

Miaka sita nimeshona kama watu.
Nilishona kama Mwalimu Raya:
milima ya kijivu, uzi wa dhahabu chini yake,
hata akikohoa yeye, inakohoa milima yangu.
Nikamwacha, nikamfuata mmoja niliyemwona kwenye simu,
yeye nyekundu moja tu, na weupe mwingi.
Nikanunua weupe mwingi, riali nne na nusu.
Siku ya maonyesho mama mmoja akasimama, akainama, akasema,
"Mashaallah, hii ya Raya?"
Nami, Mungu anisamehe,
nilifurahi.

Lazima niseme habari ya mkono.
Nilizaliwa shoto.
Shangazi Ghaniya aliufunga kwa leso, fundo mbili,
mpaka wa kulia ukajua kula, kuandika, kusalimia,
na kutoboa viua vya kofia, kimoja kimoja,
vya mviringo, safi, vinavyofanana
kama punje za mchele wa wageni.
Wa kushoto ukabaki kushika kitambaa kisiteleze.
Kazi ya mtumwa, lakini hakuna aliyeiita hivyo.

Ramadhani hii mafuta ya sambusa yalinirukia,
kiganja cha kulia, mpaka kwenye kifundo.
Bendeji. Na kazi nimeahidi Alhamisi.
Usiku, baada ya daku, nikaufungulia ule mwingine.

Ulitafuna. Mkasi ni wa watu wa kulia,
ukingo wa kanga ukatoka kama umeliwa na mbuzi.
Mishono ikalala upande, yote,
kama watu wanaosikiliza mlangoni.
Nikaona aibu, nikafumua.
Kitambaa husamehe: ukikisugua kwa ukucha, nyuzi zinarudiana.
Eksirei haisamehi.
Kila nilipopita na sindano pakabaki tundu,
safu mbovu ya matundu juu ya goti la Hilali,
na kesho yake ni Alhamisi.

Nikainua dirishani ili nitukane vizuri.
Chini, taa ya kinyozi ikawaka kijani,
ikapita katika yale matundu,
yakasimama hewani, madogo, yamepinda,
na nikayajua.
Viua.
Vya shangazi, lakini vimelewa.

Wanasema kata pua uunge wajihi.
Mimi pua nilikuwa nikiwakatia wengine.
Nikashona tena palepale nilipofumua, kwa mkono uleule,
bila kunyoosha,
gunia juu ya mwezi wa nane, tarehe kumi na tatu ikichungulia,
na USINI nikaiweka chini ya goti,
kila mtu aimalizie mwenyewe.

Sijui kama huu ndio mtindo.
Kipande kilichofuata kilikuwa kibaya, kwa kweli kibaya,
nimekifanya kitambaa cha kufutia gundi.
Cha tatu kililala upande bila kuambiwa.

Shangazi alikuja siku ya Idi.
Alipitisha kidole kwenye matundu, taratibu,
kama anayehesabu deni.
"Kwa mkono gani?"
Nikaunyanyua.
Alinyamaza kitambo. Kahawa ikapoa.
Kisha akachagua tende moja sahanini, akanipa,
nami, bendeji ilikwisha kutoka, ningeweza,
niliipokea kwa shoto.

Hakuirudisha.